Picha Zilizongoja Kondeni

Gregory Markopoulos, mtengeneza sinema, alizaliwa Marekani mwaka 1928, wazazi wake wakiwa Wagiriki. Mwaka 1967 alihamia Ulaya, akazizuia picha zake zisionyeshwe tena. Kisha akazikata na kuziunga upya kuwa kazi moja, Eniaios, ya saa 80 hivi, isiyo na sauti: picha hung'aa kitambo kidogo, kisha giza. Alitaka ionyeshwe kondeni, karibu na Lyssaraia, kijiji cha asili ya baba yake huko Ugiriki. Alikufa mwaka 1992 asiione ikionyeshwa. Tangu 2004 watu wamekusanyika huko usiku kuitazama, sehemu baada ya sehemu.

Je, msomaji, hicho si kiburi? Nami naona giza lile lafundisha jicho kungoja. Lakini asiye na nauli hafiki Lyssaraia, naye pia ana macho. Hapo ndipo nimlaumupo.