Kikoa na Bamvua: Tathmini ya Istilahi za Fanksheni katika Kiswahili

Katika mtalaa uliotumika Tanzania kwa miaka mingi, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma hisabati kwa Kiswahili, kisha hukutana na uhusiano na fanksheni akiwa Kidato cha Tatu, kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ililegeza mpaka huo. Swali linalowabakia wanaisimu ni iwapo istilahi zinazopendekezwa zinabeba dhana zenyewe. Makala hii inazipima kwa mifano ya Kigombe, kijiji cha wavuvi kilichopo kati ya Tanga na Pangani, na ya mwambao kwa jumla.

Uhusiano limekwisha kita mizizi, lakini kiambishi -an- cha kutendana kilichomo ndani yake hudokeza pande mbili zinazoelekeana sawasawa. Utani hukubali maana hiyo: A akiwa mtani wa B, B naye ni mtani wa A. Ujomba haukubali, kwani upande wake wa pili ni upwa. Uhusiano wa aljebra ni seti ya jozi zenye mpangilio, na mpangilio huo ndio unaofifishwa na -an-. Neno lisitupwe, mwalimu aanze na ujomba, utani ufuate.

Kwa fanksheni, maneno kazi, dhima na uamilifu yote hujibu swali "ni ya nini?", ilhali dhana huuliza "kipi kinakwenda kwenye kipi?" Mvuvi wa Kigombe hulijua swali la pili. Mwezi unapoandama na unapopevuka, maji huwa ya bamvua. Karibu na robo zake, huwa maji mafu. Kila tarehe ya mwezi ina hali moja tu ya maji. Kinyume chake hakishiki: bamvua huja mara mbili kwa mwezi, hivyo haimrudishi mtu kwenye tarehe moja. Hakuna anayeuliza tarehe ina kazi gani. Neno la mkopo, kwa ugeni wake, halina kosa hilo.

Kikoa ndilo lenye utata mkubwa zaidi. Watumiaji wa kompyuta wamelizoea kwa anwani za intaneti, na ni rahisi kulivuta liwe jina la seti ya kuanzia. Lakini kikoa cha mwambao ni chakula cha shirika ambacho kila mmoja hukitoa kwa zamu. Kila siku ina mtoaji mmoja. Mtoaji mmoja aweza kurudi siku nyingine. Siku isiyo na mtoaji ni siku ya njaa. Hiyo ni fanksheni nzima, kutoka siku kwenda kwa watu! Kuliita kundi la siku peke yake kikoa ni kuipa sehemu jina la kitu kizima, na anayelijua neno kwa wazee wake ndiye atakayepotea kwanza.

Upeo nalo humtuma mwanafunzi kutafuta ukingo, na masafa humtuma kupima umbali, maana inayofaa zaidi takwimu. Vianzio na vifikio yana nguvu kuliko yote hayo. Kifikio, kwa kuwa limetoka katika fikia, hutaja kile tu kilichofikiwa: mwanashirika ambaye zamu haijamwangukia hayumo katika vifikio, ingawa yumo katika shirika.