Ufundi wa Kushika Stesheni

Kijana wa Mpwapwa aliyekua na redio ya FM ndani ya simu hawezi kuamini kwamba zamani kusikiliza redio kulikuwa na wajuzi wake. Kila mtaa ulikuwa na mtu anayeitwa pale stesheni inapogoma kushika, kama aitwavyo fundi cherehani ikikwama. Hakulipwa. Alikaribishwa kiti na kikombe cha chai, akapewa redio mapajani, na watu wakanyamaza.

Sababu ni mahali tulipo. Mji wetu umeegemea milima ya Kiboriani, na Dar es Salaam iko mbali. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja. Mlima ukisimama mbele, yamekwisha. Ya masafa mafupi hupanda juu, yakafika tabaka la anga lililo mamia ya kilomita kutoka ardhini, kisha yakarudi chini upande wa pili wa milima. Ndiyo maana hata Radio Tanzania Dar es Salaam, ile yenye ngoma kabla ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo yaliyokuwa yakinyamazisha nyumba nzima, watu wengi wa bara waliipata kwa masafa mafupi, kwenye kilohezi 5050.

Ufundi wenyewe ulianzia kwenye betri. Redio ya National, ile iliyounganishwa Dar es Salaam na kampuni ya Matsushita, ilikula betri kubwa, na pesa ya betri haikuwa ikipatikana kila wiki. Betri zikichoka zinaanikwa juani pamoja na mtama, jioni zinarudishwa zikiwa na uhai wa taarifa ya habari moja, pengine mbili. Kisha antena: waya unafungwa kwenye ncha yake na kurushwa juu ya mwarobaini. Baada ya hapo ni kidole gumba. Kwenye kioo cha redio, nafasi kati ya London ya BBC na Cologne ya Sauti ya Ujerumani ilikuwa nyembamba kuliko kiberiti, na mshale ulikuwa na tabia ya kuchelewa kufuata kitufe. Mjuzi aliupitisha kidogo mbele ya stesheni, halafu akaurudisha taratibu mpaka mluzi ukatike.

Aliijua na saa. Mchana alitafuta mita bendi 16 na 19. Jua likizama, lile tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi hufifia, basi mita 49 na 41 zinafunguka na dunia nzima inaingia sebuleni. Lakini kipimo cha kweli kilikuwa sauti inapozama. Asiyejua hukimbilia kitufe, akapoteza hata kile kidogo alichokuwa nacho. Mjuzi alitoa mkono kabisa, akasubiri. Mawimbi yanayofika kwa njia mbili tofauti hupigana, yakapatana tena, na sauti ikarudi yenyewe katikati ya sentensi. Wasikilizaji walijaza maneno yaliyomezwa, na mara nyingine wakabishana juu yake mpaka usiku mkubwa.

Na kulikuwa na vingi vya kusikiliza. Cairo ilianza kusema Kiswahili mwaka 1954, BBC ikafuata mwaka 1957, Sauti ya Amerika mwaka 1962, Sauti ya Ujerumani mwaka 1963. Moscow na Beijing nazo zilikuwepo. Habari moja ya mapinduzi ilisikika kwa midomo minne, na msikilizaji wa huku aliilinganisha kabla ya kuiamini. Kwangu mimi huu ndio ulikuwa ufundi mkubwa kuliko ule wa kidole. Tusisahau jirani zetu wa Kongwa, wakati ule ikiwa ndani ya Wilaya ya Mpwapwa: tangu 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru, na mitambo ya Dar es Salaam ilizipa harakati zao nafasi ya kusema na watu wa nyumbani, kusini ya mbali, kwa masafa hayohayo.

Miaka ya 1990 stesheni binafsi zikaja, FM ikasambaa, kisha simu. Machi 2015 Sauti ya Ujerumani ilifunga kituo chake cha kurushia matangazo cha Kigali. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa na serikali yake yenyewe. Sisemi zamani kulikuwa bora. Mechi ya Simba na Yanga kwa mikwaruzo ile ilikuwa adhabu, na anayesikiliza kwa bando leo anapata sauti safi bila kupanda mti. Ila bando lina mwenye swichi. Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi kwa siku kadhaa, wenye simu nzuri walikaa gizani sawa na wasio nazo. Mawimbi yanayoshuka kutoka angani hayapiti kwa mtoa huduma.

Redio nyingi za bei nafuu zinazouzwa sokoni bado zina alama ya SW, yaani masafa mafupi, pembeni, na wengi wanaozinunua hawajawahi kuisogeza hiyo swichi hata mara moja. Isogeze leo usiku, saa mbili hivi, anzia mita 49, na mwite mtoto akae karibu.