Sentimita Kumi za Chuo Kikuu cha Nairobi: Somo kwa Kibaha na Kisarawe

Tarehe 11 Mei 2018 satelaiti tatu ndogo zilisukumwa angani kutoka Kibo, maabara ya Wajapani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Moja ilitoka Costa Rica, nyingine Uturuki. Ya tatu, 1KUNS-PF, ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Nairobi: mchemraba wenye upande wa sentimita 10. Hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza ya Kenya.

Tukio hilo lilichelewa sana, na sababu ya kuchelewa kwake ina mafunzo. Pwani yetu haikuwa ngeni kwa safari za anga. Kwenye miaka ya mwanzo ya 1960 Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga Tunguu, Unguja, na Februari 1962 mwanaanga John Glenn alizungumza nacho akiwa anaizunguka dunia. Kituo kikafungwa mwaka 1964. Huko Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa baharini, kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 1988. Moja kati ya hizo, iliyoruka tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina la Uhuru kwa sababu siku hiyo Wakenya walikuwa wakiadhimisha uhuru wao. Uhuru ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksi kutoka angani.

Roketi ziliruka, antena zilisimikwa, lakini nusu karne nzima ilipita kabla ya chuo cha hapa kupeleka satelaiti yake. Kilichobadilika mwaka 2018 hakikuwa ukubwa wa mitambo. Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, ambacho watafiti wake walihusika na San Marco tangu mwanzo, sasa kilishirikiana na wahandisi wa Nairobi kuunda chombo chenyewe. Ushirikiano ulipoingia maabara ndipo ulipozaa satelaiti.

Mlango ulifunguliwa na mpango wa KiboCUBE, unaoendeshwa na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu pamoja na JAXA, shirika la anga la Japani. Nairobi ilichaguliwa mwaka 2016, ya kwanza kabisa katika mpango huo. Zawadi ilikuwa safari ya bure. Kubuni, kuunda, kupima na kuendesha kulibaki mikononi mwa chuo na washirika wake. Mgawanyo huo ndio ulioupa mradi thamani ya kitaaluma, kwa kuwa gharama ya roketi iliondolewa bila kuiondoa kazi inayomfundisha mhandisi.

Sababu ya mchemraba mdogo kufundisha sana inaonekana kwenye hesabu ya umeme. Uso wa sentimita 10 kwa 10 hupokea takriban wati 13.6 za mwanga wa jua. Seli nzuri za jua hugeuza chini ya theluthi yake kuwa umeme, tena haziwezi kufunika uso wote, kwa hiyo zinapatikana wati mbili na kidogo. Satelaiti inayotoka kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huizunguka dunia kwa dakika 92 hivi, na karibu 35 kati ya hizo hupita gizani. Mwenye kamera anataka picha zaidi, mwenye redio anataka nguvu zaidi, mwenye betri anataka vyote vizimwe. Hakuna anayeweza kumaliza sehemu yake bila kukubaliana na wenzake, na kukubaliana huko kwa tarakimu ndiko uhandisi wa mifumo.

Hesabu ya pili ni ya mawasiliano. Kituo cha ardhini kilicho karibu na ikweta hukiona chombo cha aina hiyo kama mara nne kwa siku, na hata kikipita juu kabisa hakizidi dakika kumi hivi kabla ya kuzama upeoni. Tuseme kwa ukarimu nusu saa kwa siku. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwa satelaiti ndogo, hiyo ni megabaiti mbili tu. Picha moja ya megabaiti moja inakula karibu nusu ya siku yako ya kazi. Juu ya hapo, chombo kinakwenda kilomita zaidi ya saba kwa sekunde, hivyo masafa ya karibu megahezi 437 huhama hadi kilohezi kumi kwenda na kurudi, na redio ya ardhini lazima iyafuate papo kwa papo.

Kisha kuna upimaji. Chombo hutikiswa kama kitakavyotikiswa na roketi, na huwekwa katika ombwe huku joto likipanda na kushuka. Kwa kuwa kinapita mahali wanapoishi wanaanga, betri hukaguliwa kwa ukali, na swichi maalumu hukizima hadi kitoke nje. Mwanafunzi aliyepitia haya anajua kuandika utaratibu, kuufuata na kuuthibitisha. Ustadi huo unafaa kwenye ndege, vifaa vya hospitali na mitambo ya umeme.

Uganda ilipita njia nyingine. Wahandisi wake watatu walisoma Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani, katika mpango wa BIRDS unaoongozwa na Profesa Mengu Cho. Humo wanafunzi wa uzamili hushika mradi tangu wazo la kwanza hadi satelaiti inapozungumza kutoka juu. PearlAfricaSat-1 iliruka tarehe 7 Novemba 2022 na kuachiwa angani tarehe 2 Desemba. Njia za Nairobi na Uganda zinatofautiana, lakini kiini ni kimoja: watu walewale waliobuni ndio waliopima na kuendesha. Ukiukata mzunguko huo vipande, chuo kinabaki na picha za uzinduzi tu.

Tanzania ina vipande vingi tayari. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha matengenezo ya ndege. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana elektroniki na mawasiliano. Chuo Kikuu Ardhi kina wapima ardhi ambao wanafunzi wao walishiriki mradi wa Ramani Huria tangu 2015, wakichora ramani za kata zinazofurika. Kinachokosekana ni mahali pa kuviunganisha, na napendekeza Kibaha au Kisarawe. Wilaya zote mbili ziko karibu na vyuo hivyo, lakini nje ya msongamano wa mawimbi ya redio wa jijini Dar es Salaam. Kibaha ina Shule ya Sekondari Kibaha, ya vipaji maalumu. Kisarawe ina Shule ya Sekondari Minaki na vilima vinavyofungua upeo wa antena.

Utafiti pia uko mlangoni. Mto Msimbazi unaoifurisha Dar es Salaam unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na mto Ruvu, unaopita Kibaha, ndio tegemeo kuu la maji ya jiji. Satelaiti yenye wati mbili haitashindana na kamera kubwa za Ulaya, ambazo picha zake nyingi ni bure. Lakini inaweza kukusanya vipimo vya kina cha maji kutoka vifaa vidogo vilivyowekwa mitoni, hata kusiko na mtandao wa simu. Kila kipimo ni baiti chache. Megabaiti mbili zinatosha na kubaki.

Hatua ya kwanza haihitaji roketi wala mwaliko wa mtu. Ni antena, redio na kompyuta za kupokea satelaiti za hali ya hewa zinazopita kila siku, huku maombi ya masafa ya kurushia yakipelekwa mapema TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, maana taratibu za kimataifa za masafa huchukua muda mrefu. Ila kabla ya antena chuo kitenge nafasi mbili za kudumu: mhandisi wa kituo na fundi wa maabara. Satelaiti ndogo ya aina hii hukaa angani mwaka mmoja au miwili kisha huungua. Watu hao wawili ndio watakaoipokea timu ya pili ya wanafunzi, na ya tatu, wakiwa na kumbukumbu za makosa ya ile ya kwanza. Bajeti isiyo na mishahara yao isipitishwe.