Kuimba upya si kuharibu

Wako wazee wetu wanaosema: wimbo wa zamani ukiguswa tu, umeharibika. Sisi hatukubali vile, na mfano wetu ni Cassandra Wilson, mama mwimbaji wa jazi, mzaliwa wa Mississippi, Marekani. Mwaka 1993 alitoa diski Blue Light 'Til Dawn. Wimbo unaoifungua, You Don't Know What Love Is, ulitungwa mwaka 1941. Billie Holiday aliuimba mwaka 1958, violoni nyingi zikimsindikiza. Wilson, yeye, alipunguza. Piano hakuna, orkestra hakuna. Tunasikia gitaa, violoni, na ile sauti yake nzito ya chini, inayokuja polepole kama mtu anayeongea na mwenzake usiku. Maneno ni yale yale. Lakini huzuni ambayo zamani ilibebwa na orkestra, sasa msikilizaji anaibeba mwenyewe.

Je, huko ni kukosa heshima? Hapana. Mwaka 1988, katika diski Blue Skies, alikuwa ameimba nyimbo za zamani kwa njia iliyozoeleka: piano, besi na ngoma. Aliijua njia kwanza, ndipo akaiacha. Lawama yetu ni moja: karibu diski nzima ya 1993 inaenda polepole, na masikio yanachoka.

Basi, vijana wanaotaka kugeuza nyimbo za wazee, kwanza wazijue vizuri. Na wazee nao, mbele ya kulaumu, wasikilize mpaka mwisho.