Wapanga Seli

Mwaka 2011 kampuni ya Traxxas ya Marekani ilileta sokoni gari la rimoti liitwalo XO-1, ikatangaza kwamba linafika maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Kitu cha kununua dukani hicho, ndani ya boksi lake, wala si mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya rekodi. Wengi walivutiwa na kasi na umbo. Lakini mtu mwenye ufundi wake akishika gari la namna hiyo, jicho linakwenda kwanza mahali pa betri. Gari hilo linataka betri mbili, kila moja ya seli tatu. Naye anauliza swali ambalo mpita njia ataliona dogo mno: betri zipi mbili?

Nimekuwa nikiwafuatilia watu wa swali hili kwa muda mrefu, na heshima yangu kwao inazidi. Magari yao yana kelele na mbwembwe, ila kazi yao yenyewe ni ya subira, kazi ya mezani, ya miwani na kalamu. Yote inahusu jambo moja: seli ziende pamoja, isiwepo inayoburutwa na wenzake.

Hesabu ya mwanzo anaijua kila aliyewahi kupanga mawe kwenye tochi. Kichwa cha hili kikigusa kitako cha lile, huo ndio mfuatano, na volti zinajumlishwa. Ndiyo maana tochi ya mawe matatu ilimulika mbali kuliko ya mawe mawili, na ndiyo maana wazee walikataza kuchanganya jiwe jipya na lililochoka. Katika gari la rimoti jiwe ni seli ya lithiamu polima, wenyewe huiita lipo: volti 3.7 kwa jina, 4.2 ikijaa. Mota za magari haya hazina kaboni, na kila moja huja na namba inayosema itazunguka mara ngapi kwa dakika kwa kila volti. Mota ya gari la Arrma Kraton, lile la seli sita, ina namba 2050. Ipe seli nne zilizojaa, volti 16.8, na bila mzigo itazunguka mara 34,440 kwa dakika. Ipe sita, volti 25.2, inafika 51,660. Traxxas X-Maxx, dude la zaidi ya kilo nane, linabeba seli nane katika betri mbili za seli nne nne, lakini mota yake ina namba 1200 tu, kwa hiyo volti zote hizo 33.6 zinaizungusha mara 40,320. Anayeanza huona hapo pamepunguzwa kitu. Fundi anaona busara.

Busara yenyewe iko kwenye mkondo. Tuseme gari linahitaji wati 1,500 kupanda mchanga. Kwa volti 11.1 za seli tatu, waya zitapitisha kama ampea 135. Kwa volti 22.2 za seli sita, ampea 68 hivi. Na kwa kuwa joto la waya linakua kwa mraba wa mkondo, ukiupunguza mkondo kwa nusu unabaki na robo tu ya joto, waya zikiwa zile zile na plagi zile zile. Kijana anayeongeza seli anawaza kasi. Mzoefu akiongeza seli, mara nyingi anapunguza pia meno ya gia ndogo ya mota, anabaki na kasi aliyokuwa nayo, ila sasa ukiigusa mota haikuunguzi.

Sasa lebo. Kila betri imeandikwa ujazo wake, tuseme miliampea-saa 5,000, kisha herufi C na namba inayodai betri inaweza kutoa mkondo mara ngapi ya ujazo huo. 50C kwenye betri ya 5,000 ni ampea 250. 100C ni ampea 500, na hapo mtu anaruhusiwa kucheka, maana betri hiyo hiyo inaweza kutoka kiwandani na plagi ya XT90, ambayo jina lake lenyewe linakumbusha ampea 90. Kila kampuni inapima ijuavyo, na karatasi haikatai wino. Kwa hiyo wapanga seli wazuri huisoma lebo, wakaishukuru, wakachukua mita.

Wanachopima ni ukinzani wa ndani wa kila seli, kwa miliomu. Chaja nzuri za siku hizi zinaupima zenyewe kupitia ile plagi ndogo nyeupe ya waya nyembamba. Fundi anaiacha kwanza betri itulie mpaka ipate joto la chumba, kwa sababu seli yenye baridi huonyesha ukinzani mkubwa, na yenye joto hujisifu kuliko ilivyo. Anachomeka, anasubiri, anaandika: 2.1, 2.0, 2.2. Betri ya pili: 2.1, 2.1, 3.4. Kalamu inasimama. Seli ile ya tatu haijafa. Gari litakwenda nayo, na anayezungusha gari lake uwanjani Jumapili huenda asigundue kitu kwa miezi. Lakini katika mfuatano mkondo ni mmoja kwa seli zote, kwa hiyo ile ya 3.4 itapata joto kuliko wenzake na itaishiwa kabla yao. Kidhibiti cha mwendo, kinachopima volti za jumla, kinaweza kuona mambo ni shwari huku seli moja imeshashuka chini ya volti 3, mahali pa kuharibika moja kwa moja.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukipiga hesabu. Chukua seli sita zenye miliomu 2 kila moja, jumla 12. Mota ikivuta ampea 150 wakati wa kuchomoka, volti 1.8 zinapotelea ndani ya betri yenyewe, na zile 25.2 zinabaki 23.4. Sasa chukua betri nyingine ya lebo ile ile, ila seli zake zina miliomu 5. Jumla 30, volti 4.5 zinapotea, zinabaki 20.7. Kwa mota ya 2050 tofauti hiyo ni zaidi ya mizunguko 5,500 kwa dakika. Na kilichopotea kimegeuka joto: wati 270 katika betri ya kwanza, 675 katika ya pili, humo humo ndani ya mfuko laini wa plastiki na alumini. Betri inayopashwa hivyo kila mara inazalisha gesi ndani, inavimba, na iliyovimba hairudishwi garini hata kama bado inajaa.

Wanaokimbizana na rekodi wameusukuma ukweli huu hadi mwisho. Mwaka 2014, huko St George katika jimbo la Utah, Mmarekani Nic Case aliliendesha gari lake liitwalo Radio Control Bullet kwa zaidi ya maili 202 kwa saa, kama kilomita 325. Mbio za namna hiyo zinakwisha baada ya muda mfupi sana. Betri ya kuendesha nusu saa ni mzigo tu hapo. Kinachotafutwa ni betri ambayo volti zake hazizami katika zile sekunde chache, basi. Wa kuruka vilima kwenye uwanja wa vumbi anachagua kinyume, ujazo mkubwa na sanduku gumu la kuikinga betri na mawe, hata kama gramu zinaongezeka.

Tabia ya kuoanisha seli ni ya zamani kuliko lipo. Katika miaka ya 1980 na 1990 magari ya mashindano yalitumia seli za nikeli-kadimiamu, volti 1.2 kila moja, sita zikifanya 7.2. Kulikuwa na watu ambao biashara yao ilikuwa kununua seli kwa wingi, kuzijaza moja moja, kuzimaliza chaji kwenye mashine kwa mkondo usiobadilika, na kubandika kwenye kila moja kijikaratasi: sekunde ilizodumu na wastani wa volti zake. Kisha walizichambua, zinazofanana na zinazofanana, wakaziuza sita sita kwa bei ya kuumiza. Mshindani alizisimamisha kwenye fremu mezani kwake, akaziunganisha kwa vipande vya shaba, pengine tatu upande huu wa gari na tatu upande ule ili uzito usilemee. Nina wivu kidogo na watu wa vijikaratasi vile. Lipo zilipokuja, kuoanisha seli ndani ya betri kukaachiwa kiwanda, na mwenye gari akabaki na kazi ya kuoanisha betri na betri.

Kisha plagi. Iliyokuja na betri mara nyingi siyo ya gari. Wapo wanaonunua kipande kifupi cha kubadilishia, plagi hii huku na ile kule, wakaondoka zao. Wapanga seli hawakipendi, kwa sababu kila kiungo ni ukinzani. Wanakata na kulehemu upya, nao hukata waya mmoja kwa wakati. Ukikata zote mbili kwa mkasi mmoja, chuma cha mkasi kinaunganisha chanya na hasi, na lipo ikipiga shoti haina utani. Mwekundu unakatwa na kuvuliwa ngozi, mweusi ungali mzima. Kabla ya yote, kile kipande cha mpira wa kusinyaa kinavalishwa kwenye waya na kusogezwa mbali na joto; anayekisahau ataanza upya. Waya wa silikoni wenye unene wa milimita za mraba tano hivi unakunywa joto. Pasi ndogo ya kutengenezea redio ikiugusa inapoa yenyewe, risasi inaganda juu juu, ya kijivu, ina vinundu. Inatakiwa pasi ya wati 60 au zaidi, yenye ncha pana.

Kikombe cha plagi kinajazwa risasi kiasi, huku plagi ya upande wa pili ikiwa imechomekwa ndani yake. Ujanja huu mdogo naupenda kuliko vyote. Ile ya pili inanyonya joto la ziada, na papo hapo inazishika pini zikae mahali pake plastiki ikianza kulegea. Risasi ya waya na ya kikombe zikishayeyuka pamoja, pasi inaondolewa na mkono unatulia. Sekunde nne, tano. Mkono ukitikisika hapo, kiungo kitaonekana kimeshika kumbe ndani kina nyufa, na miliomu zote alizozikwepa fundi kwenye betri zinarudi kwa mlango wa nyuma.

Kuunganisha betri sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kuna masharti yake: hapo volti hazijumlishwi, ujazo ndio unaojumlishwa, na betri mbili zisiunganishwe kabla volti zao hazijalingana. Unganisha yenye 12.6 na yenye 11.1, ukinzani wa njia nzima ukiwa miliomu 15, na ampea 100 zitamiminika kutoka iliyojaa kwenda isiyojaa kabla hujaondoa mkono.

Tukirudi kwenye mfuatano, kati ya betri moja ya seli sita na mbili za seli tatu, mimi niko upande wa mbili. Uzito unaweza kugawanywa kushoto na kulia. Tena kwa anayesafiri nazo kwa ndege, betri ya akiba inayokaa kwenye mzigo wa mkononi kwa kawaida hukubaliwa bila kuomba kibali ikiwa haizidi wati-saa 100. Seli sita za miliampea-saa 5,000 ni wati-saa 111, hapo lazima shirika la ndege liridhie; seli tatu ni 55.5.

Lakini mbili zinadai nidhamu. Zinanunuliwa siku moja, zinaandikwa kwa kalamu ya wino mzito, A1 na A2, zinajazwa pamoja na kutumika pamoja, na zisipotumika zinawekwa kwenye volti 3.8 kwa kila seli, ndani ya sanduku la chuma, mbali na jua. Vipimo vya miliomu vinaandikwa tena kila baada ya muda. A2 ikianza kuchoka, A1 haitafutiwi mwenzake mpya, hata ikiwa bado na nguvu. Inahamishiwa kwenye gari dogo la seli tatu, na gari kubwa linasubiri mpaka mwenyewe apate hela ya kununua B1 na B2.