Nyumba Inavyovaa Sikukuu

Katika nyumba za udongo za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, mapambo ya Krismasi huanzia ukutani. Kabla ya ua, kabla ya karatasi, ukuta husiribwa upya. Na Desemba haina huruma: ni mwezi wa mvua juu ya vilima hivi vya Buha, na mbele ya nyumba ni tope. Mama mwenye nyumba hulivizia jua. Udongo ameshauchekecha na kuuchanganya na mavi ya ng'ombe, ambayo nyuzi zake za majani huushika usipasuke unapokauka. Tabaka la kwanza huachwa lianze kushika, lisikauke kabisa, ndipo lije la pili, laini zaidi, jeupe kama udongo mweupe unapatikana karibu. Chini, usawa wa goti, hupita mkanda wa udongo mwekundu au wa masizi, uliotiwa uji mwembamba wa muhogo ili rangi isimng'ang'anie anayeegemea. Mkanda huo unapendeza, na papo hapo unaficha matope yanayorushwa na matone ya paa. Ninauheshimu kuliko rangi nyingi za kopo.

Watu husifu mapambo ya namna hii kwa kuwa ni rahisi, hayamalizi pesa. Ni kweli, na mwisho wa mwaka, sare za shule zikiwa zinasubiri Januari, si jambo dogo. Lakini mimi ninachokisifu ni ujuzi: mtu kukijua kitu kilichomzunguka, kinapinda kiasi gani, kinanyauka lini, kinashika gundi ya aina gani.

Tazama tao la migomba mlangoni. Asiyejua hukata mgomba wowote. Mjuzi huanza na machipukizi yaliyozidi shinani, yale ambayo yangepunguzwa hata hivyo ili mkungu unenepe, na huyakata jioni ya mkesha, kwa kuwa jani la mgomba halivumilii jua la siku mbili. Majani ya kufungia huyapitisha kwanza juu ya moto. Yakibabuka kidogo hulainika, yakakunjika bila kuchanika. Kamba ni ganda kavu la mgomba huohuo lililolowekwa maji. Hakuna msumari. Na tao huonekana na wengi: Operesheni Kigoma ya serikali ya 1972 iliwakusanya watu vijijini, na nyumba nyingi zikapangwa kando ya barabara. Kwa hiyo tao hilo humkaribisha hata mpita njia ambaye hataingia.

Ndani ya nyumba kazi ni ya watoto. Mwaka wa shule umekwisha, madaftari yamejaa, na hesabu za darasa la nne hukatwa vipande vyembamba vya kufanyia minyororo ya kuning'iniza darini. Gundi ni unga wa muhogo: uvuruge kwanza katika maji baridi usifanye madonge, kisha uweke motoni ukikoroga mpaka ung'ae. Vipande vingine huchovywa katika maji ya manjano, vingine huachwa na wino wake. Napenda hivyo vya wino. Unasimama chini ya mnyororo unasoma jibu la swali na alama ya vyema ya mwalimu.

Kuhusu mti, nina msimamo wangu. Wengi hubandika pamba kwenye tawi la msonobari lililosimikwa katika kopo la mchanga, ili ionekane theluji. Theluji haijapata kuanguka Kibondo. Pamba yenyewe, hata hivyo, inalimwa wilayani humo, na tumba lililopasuka likiwa bado kwenye kijiti chake ni zuri kwa haki yake, halihitaji kujifanya kitu kingine. Lifungwe hivyohivyo, karibu na maua mekundu ya mkrismasi yaliyochumwa asubuhi ya sikukuu, maana kufika jioni yatakuwa yameshapukutika.

Ipo sanaa moja iliyobadilika mbele ya macho yetu. Sebule nyingi zilikuwa na maua yaliyofumwa kwa mifuko ya rambo iliyokatwa nyuzinyuzi. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, na malighafi ikaadimika. Mikono haikukaa bure. Kiroba kilichochakaa hufumuliwa nyuzi, zikafungwa mashada. Mafundi cherehani nao wana vipande vya vitenge vinavyobaki, ambavyo vikikatwa pembetatu na kushonewa kwenye uzi mmoja huijaza sebule rangi. Vitenge hivyo viko sokoni Kasulu, viko pia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, ambako wengi wamezaliwa na kukua. Familia iliyoacha kila kitu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ikitundika uzi huo juu ya mlango, siwezi kuuita mchezo wa watoto.

Sikukuu ikipita, migomba hurudi shambani ikatandazwa chini ya mibuni, minyororo ya karatasi huwashia moto wa asubuhi. Vitambaa vya kochi vilivyofumwa kwa mkono ndivyo pekee vinavyotunzwa: hufuliwa, hupigwa pasi ya mkaa, huwekwa sandukuni. Pasaka huvikuta safi, nayo Idi huwakuta majirani Waislamu wakivitandika vya kwao.