Moto wa Kuomba: Juu ya Dhamira Zishirikiwazo katika Fasihi

Mwanafunzi akiulizwa hadithi fulani ina dhamira gani, mara nyingi hujibu kwa neno moja: wivu, mapenzi, dhuluma, ukombozi. Jibu hilo si la uongo, lakini ni sawa na kumwelekeza mgeni kwa kumwambia kwamba nyumba anayoitafuta ina mlango. Neno la namna hiyo aghalabu hutangulia kusoma. Halitokani na kusoma. Na kwa kuwa maneno hayo ni machache na hadithi ni nyingi, mwisho wake hadithi zote hufanana, na mwanafunzi huona hapana haja ya kuzisoma zote.

Mfano unaofaa kuchunguzwa hupatikana Kahe, nchi tambarare iliyo kusini-mashariki ya Moshi. Kutoka huko, mawingu yafungukapo, vilele viwili vya Kilimanjaro huonekana: Kibo chenye mita 5,895, kipana na cheupe, na Mawenzi chenye mita 5,149, kilichochongoka na kupasuka kana kwamba kimepigwa. Wachaga husimulia kwamba kilipigwa kweli. Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kuomba kwa Kibo, akapewa. Akarudi tena, akapewa. Aliporudi mara ya tatu, Kibo alishikwa na hasira akamponda, na alama za kipigo hicho zingaliko.

Msomaji wa haraka atasema: hii ni hadithi ya uvivu na malipo yake. Lakini masimulizi yake si mamoja. Katika baadhi yake Mawenzi hupewa moto peke yake. Katika mengine humkuta Kibo akitwanga ndizi zilizokaushwa, naye hupewa moto na ndizi pamoja; utamu wa ndizi ukamfanya auzime moto njiani ili apate sababu ya kurudi. Tofauti hii yaonekana ndogo, kumbe imegeuza hadithi yote. Moto haupungui kwa kugawiwa: mwenye kutoa kaa moja hubaki na meko yake kama yalivyokuwa. Basi katika simulizi la kwanza Kibo hakupoteza kitu ila utulivu wake, na kipigo chake ni cha mtu aliyechoka kubishiwa hodi. Ndizi hupungua. Katika simulizi la pili Kibo ameibiwa kwa hila, na fimbo yake yakaribia kuwa ya haki. Mwenye kuandika “uvivu” juu ya masimulizi yote mawili hakusikia hata moja.

Tena yafaa kuuliza hadithi inasikilizwa kutoka wapi. Mlimani, mwenye mgomba wake na mfereji upitao karibu na kiwanja chake, aweza kujiweka upande wa Kibo bila taabu. Nchi ya Kahe huishi kwa maji yashukayo kutoka juu. Mvua zake ni haba, na kilimo chake hutegemea mito na mifereji ambayo wengine wameitumia kwanza. Msikilizaji wa huko anajua kuomba ni nini. Anajua vilevile kwamba maji si kama moto: hupungua kila yanapogawiwa, na aliye chini hupata yaliyosalia. Hapana ajabu akimwona Mawenzi kuwa jirani mwenye shida kabla ya kumwona kuwa mvivu. Dhamira ni ile ile, yaani mkono utoao unyooshwe mara ngapi. Hukumu ndiyo inayobadilika, na hukumu ndiyo fasihi.

Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga hupita Kahe, na hapo ndipo ilipounganishwa na njia ya Voi, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Upande ule wa Tanga, kijijini Vibambani, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, aliligusa swali hilo hilo la ndugu atoaye na ndugu wasiotosheka. Adili, liwali wa Janibu, huwapiga manyani wawili kila usiku, kisha huwabembeleza. Manyani hao ni nduguze waliomtendea uovu. Hapa kipigo si cha mara moja. Hurudiwa kila siku kwa amri ya nguvu iliyo juu ya mpigaji, na mpigaji huumia. Kibo hakulia. Ukurasa huo wa fimbo na machozi unapita kwa mbali mawaidha mengi yaliyouzunguka.

Ni jambo linalojulikana kwamba kisa hiki kimetoka katika Alfu Lela Ulela, ambamo Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, huwapiga mbwa wawili. Huko ndugu wakisha kurudishiwa umbo la watu kwa maombezi ya Harun al-Rashid, husaliti tena, humtupa ndugu yao mtoni, na mwisho huuawa. Shaaban Robert alichukua mbwa akawafanya manyani, jambo la kupendeza tu. Lakini alikataa usaliti wa pili, na hilo ndilo jambo kubwa. Kwake maombezi ya mfalme Rai yanatosha kumrejesha mtu katika utu. Mwenye kusema vitabu vyote viwili vinahusu wivu wa ndugu amesema kweli, tena amekipita bila kukiona kitendo cha ujasiri kuliko vyote alichofanya mwandishi.

Hata hivyo mwandishi huyo huyo alijipunguzia nguvu mahali pamoja. Ndugu waovu aliwaita Hasidi na Mwivu. Katika kisa cha Kiarabu waliitwa Nasiri na Mansuri, majina ya watu wowote, na msikilizaji alilazimika kungoja matendo yao. Hasidi amekwisha kuhukumiwa na mama yake siku ya kupewa jina, na toba yake haiwezi kutushangaza sana, kwa maana tangu mwanzo alikuwa neno kabla ya kuwa mtu. Wasimulizi wa Kilimanjaro hawakumbandika Mawenzi jina la uvivu wala la hila. Walimwacha na jina lake, mlango wa Kibo, na mikono mitupu.